Nyumba ya Mbao Milimani Mbinga: Ujenzi Unaoheshimu Mteremko

Wamatengo wa Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya karne moja bila kuacha udongo wao uchukuliwe na maji. Siri yao ni ngoro: mashimo yanayopangwa kwa safu mlimani, ambayo kingo zake hutengenezwa kwa kulaza nyasi zilizofyekwa na kuzifunika kwa udongo. Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea sehemu yake ya maji.

Kanuni hiyo inamfaa pia mwananchi anayekusudia kujenga nyumba ya kisasa ya mbao katika maeneo ya milima kama Mbuji. Wengi huanza kwa kuukata mlima ili kupata kiwanja cha usawa. Hata hivyo, ukuta wa udongo unaobaki nyuma ya nyumba hukosa egemeo na unaweza kuporomoka wakati wa masika, ukahatarisha maisha na mali.

Kwa kuwa mbao ni nyepesi kuliko tofali, nyumba inaweza kusimama juu ya nguzo, fupi upande wa juu na ndefu upande wa chini, sakafu ikawa sawa bila mlima kuchimbwa. Upande mrefu wa nyumba ukatize mteremko, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili kuyaongoza maji pembeni taratibu.

Mbao za misindano au mikaratusi zikaushwe vizuri na kutiwa dawa dhidi ya mchwa na kuoza. Nguzo zisiguse udongo, bali zikae juu ya vitako vya mawe au zege. Upenu mpana hukinga kuta dhidi ya mvua, na kuta za mbao za tabaka mbili hupunguza baridi ya Juni na Julai. Paa la kijani kilichokolea au kahawia, pamoja na miti iliyobakizwa, huifanya nyumba ipatane na mandhari.

Kabla ya ujenzi, mwananchi anapaswa kufuata taratibu za kibali katika halmashauri yake na kununua mbao zilizovunwa kihalali. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa, likiwemo Ziwa Nyasa. Inafaa pia kupata ushauri wa kitaalamu kuhusu vifaa vya ujenzi.