Kipaza Sauti: Jina Moja, Vyombo Viwili

Neno kipaza sauti limezoeleka mno hata ni nadra mtu kuuliza linataja chombo gani. Mhutubu hushika kipaza sauti mkononi. Sauti yake nayo hutoka katika kipaza sauti kilichotundikwa juu ya mti. Mkutanoni jambo hilo halina madhara, kwa kuwa kila mtu anaviona vyombo vyenyewe.

Madhara huonekana mfasiri anapofasiri maelekezo ya kupanga chumba cha kurekodia nyumbani, kazi inayomhusu hata mwalimu anayetayarisha masomo ya kusikiliza. Hapo msomaji ana neno tu. Akisoma kwamba "kipaza sauti kisikabili kipaza sauti", ageuze kipi?

Vyombo hivi hufanya kazi zinazopingana. Kimoja hupokea sauti na kuigeuza kuwa umeme. Cha pili hupokea umeme na kuugeuza kuwa sauti. Kwa hiyo hata mahali pa kuviweka ni tofauti. Vitoavyo sauti huwekwa viwili, katika usawa wa masikio, umbali wake kutoka kuta za kando ukiwa sawa, navyo pamoja na kichwa cha msikilizaji hufanya pembetatu yenye pande sawa. Vikisukumwa hadi kwenye pembe za chumba, sauti nzito huzidi, na anayerekodi hudanganyika akaipunguza katika kazi isiyokuwa na kasoro. Kile kipokeacho huwekwa yapata shubiri moja kutoka kinywani, kikivipa mgongo vile vitoavyo, maana aina nyingi husikia vizuri mbele na ni karibu viziwi kwa nyuma. Blanketi zito litundikwe nyuma ya msemaji, kwani ukuta mtupu ulio upande huo ndio urudishao sauti ndani ya chombo. Vyombo viwili hivi vikielekezana, sauti huzunguka baina yao hadi ikawa ule ukelele tunaoufahamu sote.

Huenda mtu akapendekeza kinasa sauti kwa kile kipokeacho. Hatuafiki: jina hilo limekwisha kuchukuliwa na mashine ya kurekodi, nasi tutakuwa tumeuhamisha utata tu. Kwa maoni yetu, katika maandishi ya ufundi maikrofoni ibaki maikrofoni, na spika ibaki spika. Ni maneno ya kukopa, kweli, lakini fundi redio na mwenye duka wamekwisha kuyazoea. Sentensi iliyotutatiza hapo juu itasomeka hivi: "Maikrofoni isikabili spika."