Kujitolea Ughaibuni: Ni Nani Aliyetangulia?

Wapo vijana wengi Wakatoliki wanaotamani kwenda nchi za mbali kufundisha watoto wa familia maskini. Swali lao huwa: nitawapelekea nini? Ni swali jema, lakini lina lake la kutangulia: huko niendako, ni nani tayari anawahudumia watoto hao, nami nitamsaidiaje?

Historia ya Fe y Alegría, yaani Imani na Furaha, inatufundisha. Mwaka 1955 Padre José María Vélaz, Mjesuiti, alikuwa akienda na wanafunzi wa chuo kikuu katika mtaa maskini wa Catia, jijini Caracas, Venezuela, kufundisha katekisimu. Waliwakuta watoto wengi wasio na shule. Aliyetoa nyumba iwe darasa hakuwa mfadhili kutoka mbali. Alikuwa Abraham Reyes, fundi mwashi wa mtaa huohuo, mwenye watoto wanane. Yeye na mkewe walikuwa wameijenga kwa jasho lao, kwa miaka kadhaa. Watoto wapatao 100 waliketi sakafuni, wakifundishwa na wasichana waliomaliza darasa la sita tu.

Leo kazi hiyo imeenea katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini, na imefika hata Chad, barani Afrika. Wapo wanaotoka Hispania kujitolea kwa kupitia Entreculturas, shirika la Wajesuiti. Wanaokwenda kwa muda mrefu huandaliwa kwanza nyumbani, kisha hukaa huko mwaka mmoja au miwili.

Kwa nini muda mrefu? Mtoto aliyekwisha kuachwa na watu wake huumia tena kila mgeni aliyemzoea anapoaga baada ya wiki mbili. Tena mgeni asiyejua lugha humgeuza mwalimu mwenyeji kuwa mkalimani, na masomo yanasimama. Mara nyingi msaada ulio bora hauonekani: kupanga vitabu, kusahihisha madaftari, kukaa na mtoto aliyebaki nyuma katika kusoma.

Basi, kabla ya kuomba nafasi, uliza mambo manne. Je, wenyeji wenyewe wamekuomba? Je, kazi yako itamnyima mwalimu wa hapo mshahara wake? Je, utajifunza lugha yao? Je, kuna kanuni za ulinzi wa watoto, kama vile kutokaa faraghani na mtoto na kutosambaza picha zake bila idhini? Mahali pasipo na kanuni hizo, usiende, hata kama nia yako ni njema.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuangalie vizuri: jembe hutolewa na mwenyeji. Yeye ndiye anayejua shamba lake, na ndiye atakayebaki nalo siku utakaporudi kwenu.