Watu Wazima Kwenye Bembea

Likitajwa neno bembea, wengi wetu huwaza watoto. Waliokulia Unguja watakumbuka Mnazi Mmoja siku za Idi: nguo mpya, senti za sikukuu zimefumbatwa kiganjani, foleni ya kupanda pembea, na mama kwa mbali akipiga kelele kwamba usiachie mikono. Mtu akishakuwa mkubwa, habari ya bembea imekwisha. Akionekana tena pale, basi amempeleka mwanawe. Ndiyo maana nilipowaeleza wenzangu kwamba mimi na mke wangu tuliadhimisha miaka 25 ya ndoa kwa kwenda kupanda bembea, tena bila mtoto hata mmoja, walinitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Mmoja aliniuliza kama ukumbi ulikosekana.

Leo basi nataka kueleza pahala penyewe palivyo, namna mashine zake zinavyofanya kazi, na zinamfanya nini mtu mzima aliyekaa pembeni ya mwenziwe.

Pahala hapo ni bustani ya Tivoli, katikati ya jiji la Copenhagen, nchini Denmark. Tulikwenda huko kumtembelea kijana wetu anayesoma, na tarehe yetu ya ndoa ikatukuta hukohuko. Yeye ndiye aliyenunua tikiti, mbili tu. Akatufikisha langoni, akasema, "Baba, Mama, leo ni siku yenu," akaondoka zake.

Tivoli si kiwanja kilichoota juzi. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Aliyeianzisha ni Georg Carstensen, mtoto wa mwanadiplomasia wa Denmark, mwenyewe akiwa mzaliwa wa Algiers, huku kwetu Afrika, mwaka 1812. Carstensen alimwendea Mfalme Christian wa Nane kuomba kibali. Inasimuliwa kwamba alimshawishi kwa hoja moja ya kijanja: watu wakiwa katika starehe hawafikirii siasa. Hoja hiyo wafalme wa kila zama huielewa upesi. Akapewa kibali cha miaka mitano na kipande cha ardhi nje ya lango la magharibi, palipokuwa na ngome za kulinda mji. Ziwa dogo lililomo bustanini hadi leo ni sehemu ya handaki la maji lililozunguka ngome hizo. Siku hizi mji umekwisha kuimeza bustani. Ukitoka stesheni kuu ya treni unavuka barabara tu, umefika.

Iko bustani ya namna hiyo iliyo kongwe zaidi, kaskazini ya jiji hilohilo, inaitwa Bakken, na umri wake huhesabiwa tangu mwaka 1583. Lakini Tivoli ndiyo iliyowafunza wengi. Mwaka 1951 Mmarekani Walt Disney aliitembelea na kuandika mengi daftarini mwake. Tarehe 17 Julai 1955 akafungua Disneyland huko California. Na watu wa Copenhagen wana sababu nyingine ya kuipenda. Juni 1944, nchi yao ikiwa chini ya jeshi la Hitler, Wadenmark waliojiunga na wavamizi walitega mabomu humo na kuharibu majengo kadhaa, pamoja na ukumbi wa muziki. Hazikupita wiki nyingi bustani ikafunguliwa tena.

Sasa tuingie kwenye mashine. Iliyotuvutia sisi ni treni ya milima, na jina hilo si langu. Wenyewe nao huiita reli ya milimani. Imejengwa kwa mbao na imekuwa ikibeba watu tangu mwaka 1914. Reli yake inapanda, inaanguka, inapinda, inaingia kwenye giza, inatoka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba treni ya namna hii haina injini ya kuikimbiza. Huvutwa hadi juu ya kilima cha kwanza, na hapo huachwa. Yote yanayofuata ni uzito wa dunia. Ndiyo maana kilima cha mwanzo hakina budi kuwa kirefu kuliko vyote vinavyofuata. Treni haiwezi kupanda juu zaidi ya pale ilipoanzia, kwa kuwa msuguano wa magurudumu na upepo huila nguvu yake njiani.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitu kikishuka kimo cha meta 10 bila kuzuiwa, kikifika chini kinakwenda meta 14 hivi kwa sekunde, yaani kama kilometa 50 kwa saa. Na tukiuacha msuguano, uzito wa abiria haubadilishi kitu: behewa la wembamba wawili na behewa la wanene wawili hufika chini kwa mwendo uleule. Nilimweleza mke wangu hayo kwa sababu alikuwa akinitazama tumbo kabla hatujapanda.

Je, ule moyo kupaa wakati wa kuanguka unatoka wapi? Kila siku mwili wetu unakandamizwa na kiti au ardhi kutoka chini, nasi tumeuzoea mkandamizo huo hata hatuujui. Treni inapoporomoka, kiti kinakimbia kwenda chini pamoja nawe, mkandamizo unapungua ghafla, na vilivyomo tumboni vinalegea mahali pake. Sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mizani ya mwili, linapeleka habari ubongoni kwamba tunaanguka. Ubongo haungoji kuuliza kama tikiti ililipiwa. Homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho. Mwili unaogopa kwelikweli, ingawa akili inajua kwamba hakuna hatari.

Treni hii ya Tivoli ina jambo moja ambalo kwenye mitambo ya leo ni nadra kuliona. Breki zake hazishikwi na kompyuta. Ndani ya treni hiyohiyo amepanda mfanyakazi mwenye kazi ya kufunga breki kwa mkono, ili mwendo usizidi kwenye miteremko. Kila safari, yeye naye anakwenda. Mke wangu alipong'amua hilo aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Saidi, hivi yule kijana ndiye breki?" Nikamwambia ndiye. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi vizuri. Kama ni kufa, tutakufa na mwenye gari." Utani huo una hesabu ndani yake. Mimi nami nilimwamini zaidi dereva aliyemo kuliko kompyuta nisiyoiona.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza sana suala hili la hofu na mapenzi. Mwaka 1974, Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha utafiti uliofanyika kwenye daraja la kamba la Capilano, Kanada, lenye kuninginia meta 70 juu ya mto. Wanaume waliovuka walikutana na mwanamke aliyewauliza maswali na kuwapa namba ya simu. Kati ya 18 waliopokea namba kwenye daraja la kutisha, 9 walimpigia; kwenye daraja la chini lililo imara, walikuwa 2 kati ya 16. Maelezo ya watafiti ni kwamba moyo ukidunda kwa hofu, mtu anaweza kudhani unadunda kwa ajili ya aliye mbele yake.

Msikilizaji asije akakimbilia kukata tikiti kwa habari hiyo peke yake. Mwaka 2003 Cindy Meston na Penny Frohlich waliwauliza watu kwenye viwanja vya bembea Texas, Marekani, wengine wakisubiri kupanda treni kama ile na wengine wakishuka. Waliwaonyesha picha ya mtu wasiyemjua, wapime uzuri wake. Waliokaa na mtu asiye mpenzi wao, wale wanaoshuka waliiona picha nzuri zaidi kuliko wale wanaosubiri. Waliokaa na wapenzi wao, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo hila ya moyo kudunda haielekei kuwa dawa ya wanandoa.

Kinachowafaa wanandoa ni kingine, nami nakiona katika utafiti ambao Aron huyohuyo alishiriki, uliochapishwa mwaka 1993. Jozi 53 za mume na mke ziligawanywa. Baadhi walitakiwa kwa wiki 10 kutumia saa moja na nusu kila wiki kwa jambo la kupendeza tu, lile la kawaida. Wengine walitakiwa kufanya jambo geni lenye kusisimua. Wengine hawakupewa la kufanya. Walioongezeka kuridhika na ndoa kuliko wale wa mambo ya kupendeza ni wale wa mambo mageni. Raha peke yake haikutosha. Ilitakiwa wawili hao wakutane na jambo ambalo hakuna kati yao aliyelizoea.

Hapa ndipo nataka tutazame sherehe zetu. Jubilei ya fedha kwetu ina utaratibu wake: kamati, kadi za michango, ukumbi, mpambaji, mshereheshaji, keki ya kulishana. Sizibezi, watu wanakusanyika, ndugu waliokosana wanapeana mikono. Lakini wenye siku yao huketishwa jukwaani kama picha ukutani, wakatabasamu hadi mashavu yakauma, na kwa saa sita hawapati nafasi ya kusemezana neno. Kesho yake kuna madeni ya ukumbi. Na nyumbani kwa kawaida mazungumzo ya wenye miaka 25 ni ada, umeme, msiba wa nani na gari limepatwa na nini. Watoto ndio waliokuwa kiungo. Wakiondoka, meza inabaki na watu wawili wanaopitishiana chumvi.

Nasi nyumba yetu sasa imebaki na watu wawili. Kwa hiyo nitasema lililonigusa zaidi siku ile, nalo halikutokea juu ya reli. Lilitokea kwenye foleni. Foleni ya bembea ni ndefu, huna simu ya kujibu wala mgeni wa kumkaribisha. Tulisimama karibu dakika arobaini. Mke wangu amekulia Ng'ambo, Unguja, mtoto wa kwanza kati ya saba. Akanieleza kwamba kila Idi alipelekwa Mnazi Mmoja, na hakuna hata mwaka mmoja aliopanda pembea. Yeye alikuwa mkubwa, tena wa kike. Kazi yake ilikuwa kuwashikia wadogo zake viatu. "Nilikuwa nahesabu viatu," alisema, "jozi sita, kisipotee kimoja." Miaka 25 nimelala na mtu huyu kitanda kimoja, habari hiyo sikuwahi kuisikia. Tulipanda mara tatu. Ya tatu aliiomba yeye.

Wenye maradhi ya moyo, wenye matatizo ya mgongo na wajawazito wasipande mitambo ya namna hii. Na asiye na nauli ya Denmark hajakosa kitu kikubwa. Nimetaja utafiti wa 1993 makusudi, maana haukutaja reli ya mbao. Ulitaka jambo geni na watu wawili. Kutoka Kunduchi boti zinakwenda kisiwa cha Mbudya. Mwenye kupenda milima, Uluguru ipo. Mke wangu amekwisha kuchagua ya mwaka wa 26, naye amechagua Mbudya, akijua vizuri kwamba mimi mtu wa bara sijui kuogelea. Nimekubali, ila jaketi la kuelea nitalivaa tangu nchi kavu.