Waendeshaji pikipiki: Hatari ya Bonde la Kerio hungoja safari ya kurudi

PIKIPIKI kumi au kumi na tano zinapopangana katika kituo cha mafuta jijini Eldoret saa moja asubuhi, aghalabu anga huwa safi na jua limeanza kuangaza mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu. Wakati huo ni vigumu kumshawishi mwendeshaji abebe koti la mvua.

Saa nane baadaye, mwendeshaji huyo huyo huenda akawa anapanda kona za Tambach huku mvua ya mawe ikimpiga kifuani, vidole vimekufa ganzi, na ukungu umemficha mwenzake aliye mita 20 mbele yake.

Wengi huiita hali hiyo bahati mbaya. Hata hivyo, hali ya hewa katika barabara zinazotoka Eldoret kuelekea Bonde la Ufa haibadiliki ovyo. Hutawaliwa kwa kiasi kikubwa na mambo mawili: urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari, na saa. Klabu inayozingatia mambo hayo hurudi nyumbani ikiwa kamili. Inayoyapuuza hujiweka mikononi mwa mvua, giza na uchovu kwa wakati mmoja.

Mfano mzuri ni barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kabarnet kupitia Iten, mwendo wa takriban kilomita 90. Ni safari fupi kwa anayetazama ramani, lakini ni ndefu mno kwa anayeipima kwa kupanda na kushuka.

Eldoret, iliyotunukiwa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Iten, makao makuu ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet, iko takriban mita 2,400. Kutoka hapo barabara huteremka kwa kona kali kupitia Tambach hadi sakafu ya Bonde la Kerio, kwenye daraja la Chebloch, ambako mto hupenya katika korongo jembamba la mawe. Hapo mwendeshaji amefika takriban mita 1,200. Akivuka, huanza kupanda tena Milima ya Tugen hadi Kabarnet, iliyo karibu mita 2,000.

Wataalamu wa hali ya hewa hukadiria kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Kwa hesabu hiyo, kati ya Iten na daraja la Chebloch pana tofauti ya karibu nyuzi nane, hata kabla ya kuzingatia jua kali la bondeni na upepo wa nyanda za juu. Aliyetoka Eldoret akitetemeka atafika mtoni akitokwa na jasho, amefungua zipu ya jaketi na kusimama kando ya barabara kununua maembe.

Hapo ndipo mtego ulipo. Joto la bondeni humsahaulisha msafiri baridi aliyoiacha juu, ilhali joto hilo hilo ndilo linaloiandaa mvua.

Jua linapopasha kuta za bonde kuanzia asubuhi, hewa iliyo karibu na ardhi huwa nyepesi na kuanza kupanda kufuata miteremko ya Elgeyo. Ni upepo huo wa kupanda ambao huwavutia Iten wapenzi wa mchezo wa kupaa kwa miavuli maalumu. Hewa hiyo ikifika juu hupoa, na unyevu uliomo hugeuka mawingu. Ikikutana na hewa nyevu inayovuma kutoka upande wa Ziwa Victoria, mawingu hayo hurefuka na kuwa meusi.

Hii ndiyo sababu, katika msimu wa mvua unaoanza Machi na kuendelea hadi Agosti au Septemba, asubuhi za nyanda hizi huweza kuwa shwari ilhali alasiri ni ya radi. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Kwa aliye bondeni, mawingu ya kutazamwa si yale yaliyo juu ya kichwa chake, bali yale yanayokusanyika kwenye ukingo wa Iten, kwa kuwa huko ndiko atakakopitia akirudi.

Kwa hivyo, uamuzi muhimu zaidi wa siku nzima ni saa ya kugeuka. Saa hiyo hufaa iamuliwe wakati wa chai ya asubuhi, kila mtu akiwa na akili tulivu, na isibadilishwe kwa sababu nyama imechelewa kuiva Kabarnet. Msafara ulioondoka Eldoret saa moja asubuhi una muda wa kutosha kufika Kabarnet kabla ya saa tano, kupumzika na kuanza kurejea saa sita. Ukifanya hivyo, utakuwa umemaliza kupanda miteremko ya Elgeyo kabla ya mvua ya alasiri kukolea.

Msafara unaoondoka Kabarnet saa kumi hukutana na mambo matatu pamoja: lami imelowa, waendeshaji wamechoka, na giza huingia kabla ya saa moja jioni.

Kuhusu lami, dakika za kwanza za mvua ndizo za kuogopwa zaidi. Mafuta yaliyodondoka kutoka kwa malori, vumbi na udongo mwekundu ulioletwa na matairi ya trekta kutoka mashambani huchanganyika na maji machache na kufanya utelezi mithili ya sabuni. Mvua ikiendelea kunyesha kwa muda, sehemu ya uchafu huo huoshwa. Busara, basi, ni kusimama mahali salama matone ya kwanza yanapoanguka, kuvaa koti la mvua, na kuacha barabara ioshwe.

Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hupita mita 22 kila sekunde. Nafasi ya sekunde mbili kati ya pikipiki na chombo kilicho mbele, ambayo hutosha barabara ikiwa kavu, ni kama mita 44. Barabara ikilowa, nafasi hiyo inapaswa kuongezwa maradufu hadi sekunde nne, yaani karibu mita 90. Njia rahisi ya kuipima ni kuchagua kigingi au mti kando ya barabara, na kuhesabu sekunde tangu aliyetangulia aupite.

Katika mteremko wa Tambach, kosa la kawaida ni kushikilia breki muda wote. Breki hupata moto na nguvu zake hupungua, hasa zile za ngoma zilizomo katika pikipiki nyingi ndogo. Inafaa mwendeshaji apunguze gia kabla ya kona ili injini yenyewe izuie mwendo, kisha atumie breki zote mbili kwa upole pikipiki ikiwa imesimama wima. Kukaba breki ya mbele ghafla ukiwa umelalia kona yenye maji ni kujitafutia anguko.

Kupanda nako kuna hesabu yake. Katika kimo cha Eldoret hewa ni nyembamba kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa, na injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Hewa hii ndiyo iliyoifanya Iten kuwa shule ya wanariadha wa dunia, lakini kwa mwenye pikipiki ndogo iliyobeba abiria ina maana kwamba kulipita lori mlimani huchukua muda mrefu kuliko anavyodhani.

Wanariadha wenyewe pia ni sehemu ya barabara. Alfajiri na asubuhi, makundi yao hukimbia kando ya barabara za Iten na Kaptagat, wakati mwingine katika ukungu. Msafara wa pikipiki unaopita hapo kwa kasi huhatarisha maisha ya watu waliokuwa njiani kabla yake.

Adui wa tatu, baridi, hupuuzwa kwa sababu haivunji mfupa. Maji hupokonya mwili joto upesi mno kuliko hewa kavu, na upepo wa mwendo huongeza kasi hiyo. Baridi humpoka mwendeshaji vidole kwanza, kisha hukumu. Mkono uliokufa ganzi huchelewa kufika kwenye breki, na akili iliyopoa huona ni heri kuendelea kuliko kusimama. Mtu anayetetemeka bila kukoma, anayeongea kwa kukokota maneno au anayekosea gia mara kwa mara hafai kuambiwa avumilie. Anafaa kusimamishwa, kuvuliwa nguo zilizolowa, kuvishwa kavu na kupewa kinywaji moto.

Ndiyo maana klabu zenye uzoefu hazipangi msafara kwa kufuata ukubwa wa injini. Kiongozi hutangulia kwa mwendo ambao mgeni wa kundi anaumudu, na wa mwisho kabisa huwa mtu mzoefu mwenye vifaa vya kuziba tairi na sanduku la huduma ya kwanza. Kwenye barabara iliyonyooka waendeshaji hupishana, mmoja kushoto na anayefuata kulia kidogo ndani ya upande wao, ili kila mmoja awe na nafasi ya kuona na kukwepa. Wakifika kwenye kona hufuatana mmoja mmoja.

Zaidi ya hayo, kila mmoja ana jukumu la kumwangalia anayemfuata. Akifika njia panda husubiri hadi amwone mwenzake. Kwa utaratibu huo, mtu akiteleza katika kona ya mwisho, habari humfikia kiongozi bila simu, kwa kuwa msafara wote husimama wenyewe kutoka nyuma hadi mbele.

Mvua ikiandamana na radi, pikipiki haimkingi mtu. Inapasa kuingia ndani ya jengo, wala si kusimama chini ya mti uliosimama peke yake. Na bondeni, korongo lililokuwa kavu asubuhi huweza kujaa maji kutokana na mvua iliyonyesha mbali juu mlimani, ingawa pale lilipo jua linawaka. Maji yanayokwenda kwa kasi hayahitaji kufika kiunoni ili kuizoa pikipiki. Asiyeiona sakafu ya barabara hafai kuvuka.

Kwamba milima hii haina mzaha kulidhihirika usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, maporomoko ya ardhi yalipoua watu zaidi ya 20 katika eneo la Chesongoch, Marakwet Mashariki. Mvua ikiwa imenyesha kwa siku kadhaa mfululizo, utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa na maelezo ya wenyeji kuhusu njia na usalama ni mambo ya kutafutwa kabla ya safari, na kuiahirisha si aibu.

Giza nalo halichagui. Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mnamo Oktoba 2023, aliaga dunia pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana katika ajali ya gari usiku wa Februari 11, 2024, kwenye barabara inayounganisha Kaptagat na Eldoret. Walikuwa ndani ya gari. Mwendeshaji pikipiki hana hata bati la kumkinga.

Kinga yake ya kwanza ni kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa na Cochrane mnamo 2008 ulionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na wa kujeruhiwa kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya Trafiki nchini Kenya humtaka mwendeshaji na abiria wake kuvaa kofia hiyo pamoja na jaketi linaloakisi mwanga, na huruhusu abiria mmoja pekee.

Mafunzo haya hayawahusu tu wenye pikipiki kubwa na majaketi ya ngozi. Tangu pikipiki za bei nafuu zilipofurika nchini mwishoni mwa miaka ya 2000, barabara hizo hizo zimekuwa mahali pa kazi pa wahudumu wa bodaboda, ambao hupanda na kushuka kila siku bila kiongozi wala wa kufunga msafara. Wengi hujikinga kwa mwavuli uliofungwa kwenye pikipiki, ambao upepo wa ukingoni huweza kuugeuza tanga na kuyumbisha chombo chote.

Kwa wahudumu hao, suluhu si lazima ziwe za gharama. Gazeti lililokunjwa na kuwekwa kifuani chini ya jaketi huzuia upepo. Mfuko wa plastiki mzito huhifadhi fulana kavu ya kubadilisha. Tairi lenye meno na taa inayowaka mchana humfanya aonekane na kushika barabara. Na kujua kwamba mlima hunyesha alasiri hakuuzwi dukani.

Mwendeshaji anayesimama Chebloch saa sita mchana, akatazama juu na kuona ukingo wa Iten umeanza kujifunika, tayari amepewa habari zote anazohitaji. Kilichobaki ni kuwasha pikipiki na kurudi mapema, hata kama Kabarnet haijafikiwa.