Depo inavuja? Anzeni kuangalia kwenye bomba



Hapa Bukavu na vijijini kwetu mvua zinaanza mwezi wa tisa, zinaendelea mpaka mwezi wa tano. Mavuno ya msimu A yanaingia depo katikati ya mvua hizo. Paa likivuja, kazi ya miezi mingi inaoza ndani ya gunia.

Katika ziara zetu upande wa Walungu tulikuta depo ambako maharagi yaliloa mara tatu. Kila mara wanachama walibadilisha bati lililo juu ya magunia, na kumbe bati lile lilikuwa zima. Maji yalikuwa yanaingia kando ya bomba la hewa, karibu mita mbili juu zaidi, yanafuata mti wa paa, kisha yanadondoka mbali. Tone linapoanguka sipo tundu lilipo.

Kwa nini kwenye bomba?

Kupitisha bomba ni lazima kutoboa bati. Mchana bati linatanuka kwa jua, usiku linasinyaa kwa baridi. Sima haiwezi kufuata mwendo huo, inapasuka. Gudroni nayo inakauka na kubanduka. Ndiyo maana kuongeza sima kila mwaka hakusaidii kitu.

Kutafuta tundu

Kwanza, kama matone yanaonekana asubuhi bila mvua kunyesha, huo ni mvuke wa ndani uliogeuka maji chini ya bati la baridi. Fungueni njia za hewa na mkaushe mazao vizuri zaidi.

Kama ni mvua, fanyeni hivi siku ya jua:

1. Ondoeni magunia. Mtu mmoja abaki ndani na tochi na kipande cha kaa.
2. Mwingine apande ngazi iliyoshikwa vizuri, akanyage penye misumari tu, maana chini yake kuna mti.
3. Amwage maji polepole chini ya bomba, kisha pembeni, mwisho upande wa juu. Kila mahali angoje dakika kumi.
4. Wa ndani akiona maji, aite, na aweke alama kwa kaa.

Mkianza kumwaga juu, maji yatapita kote na hamtajua yameingilia wapi.

Kutengeneza

Bandueni sima na gudroni yote ya zamani. Tafuteni bati jembamba linalokunjika, mlitoboe kwa kipimo cha bomba, mlipige taratibu lifuate mawimbi ya paa. Ukingo wake wa juu uingie CHINI ya bati la juu, sentimita 15 au zaidi. Ukingo wa chini ulale JUU ya bati la chini. Ni kama magamba ya samaki: maji yanateremka bila kupata mlango. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni, na iwe na mpira.

Kisha chukueni mpira wa ndani wa gurudumu la zamani. Toboeni tundu dogo kuliko bomba, mvalishe bomba kwa nguvu, mfunge kwa waya. Mpira ufunike mahali bomba linapokutana na bati. Jua linauchakaza, kwa hiyo uangaliwe kila mwaka. Mwisho, bomba livae kofia inayoacha hewa ipite.

Angalisho: kama ni bomba la moshi, msitumie mpira hata kidogo. Kola iwe ya bati, na miti ya paa ikae mbali na bomba.

Msingoje mvua

Mahindi yaliyokaushwa vizuri yakiloa tena yanaota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumu kuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Maharagi yaliyooza hayafai kuwa mbegu, na mwezi wa tisa ushirika utalazimika kununua nyingine.

Kazi hii ni ya nusu siku. Mwezi wa saba, jua likiwa kali, kamati imchague mtu wa kukagua paa, na jina lake liandikwe katika daftari la depo.