Fulana za Mbinga: faida ni ya anayechagua kwanza

Mfanyabiashara wa mitumba anayepanda na kushuka kati ya Mbinga na Mbamba Bay analijua jambo ambalo muuzaji wa Kariakoo hana haja ya kulijua: mteja wa juu na mteja wa chini hawavai nguo moja. Mbinga ni mji wa milimani, na ikifika Juni na Julai baridi ya Umatengo haina mzaha. Kinachotoka ni sweta, jaketi na mashati mazito. Mbamba Bay iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na huko fulana ndiyo vazi la kazini, la kijiweni na, ikiwa safi, la kanisani. Kati ya miji hiyo miwili ni kilometa 66 tu.

Kilometa hizo 66 sasa ni lami, na lami imebadilisha hesabu za wachuuzi. Zamani mzigo wa kuteremka ziwani wakati wa masika ulikuwa bahati nasibu: gari likikwama mteremkoni, siku ya mnada inapita nguo zikiwa bado zimefungwa. Siku hizi mtu anauza jaketi Mbinga na kesho yake anatandika turubai la fulana Mbamba Bay, kisha anafuata ufukwe mpaka Liuli au Lituhi. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini kwa mitumba hizo bado ni wilaya moja yenye hali mbili za hewa.

Kalenda nazo ni mbili. Pesa ya Mbinga ni ya kahawa. Mavuno huanza kati ya Mei na Juni, na tangu mwaka 2018, Serikali ilipoagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, mkulima analipwa kupitia AMCOS yake badala ya kuuziana magoma na mlanguzi kahawa ikiwa bado mtini. Kwa muuza nguo maana yake ni moja: malipo yakitoka, mnada unajaa, yakichelewa, watu wanashika fulana, wanaipima kifuani, wanairudisha. Pesa ya ziwani ni ya dagaa aina ya usipa, na usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, na mifuko pia. Wenye uzoefu hushusha mzigo katikati ya giza, wavuvi wakiwa wameshauza, na hukwepa siku ambazo upepo wa mwera umechafua ziwa.

Mzigo wenyewe umetoka mbali. Kontena linashuka bandari ya Dar es Salaam, likiwa limetokea Marekani, Kanada, Uingereza, Ujerumani au China. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa ni asilimia 35 ya thamani au dola 0.40 kwa kilo, kinachozidi ndicho kinacholipwa, na juu yake kuna VAT. Belo la kilo 45 basi haliwezi kulipa ushuru chini ya dola 18. Baada ya hapo ni lori la Songea, karibu kilometa 950, kisha nyingine mia moja hivi kufika Mbinga.

Belo hilo lina nini ndani? Fulana ya pamba ya mtu mzima ina uzito wa gramu 180 hivi, kwa hiyo kilo 45 ni takriban fulana 250. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mchuuzi kanunua belo kwa laki nne, yaani Sh1,600 kwa kila fulana kabla ya nauli. Analikata mbele ya wateja, na hapo ndipo biashara inapoamuliwa, ndani ya nusu saa. Anatoa fulana 40 kali, anazitundika kwenye henga kwa Sh5,000. Fulana 110 za kawaida anazitandika kwa Sh2,000. Sitini zilizopauka au zenye shingo iliyolegea ni za buku. Arobaini zilizobaki zina matundu, madoa ya rangi, au zimeandikwa mambo ambayo hakuna atakayekubali kutembea nayo. Jumla ni Sh480,000. Toa nauli, ushuru wa mnada, chakula na pa kulala; kinachobaki katika ile elfu themanini si kikubwa, na kama fulana kali zingekuwa 20 badala ya 40 huenda asingerudisha hata mtaji.

Faida yote, kwa maneno mengine, iko kwenye zile 40 za juu, na mchuuzi wa Mbinga hana la kufanya ziongezeke. Belo halifunguliwi kabla ya kulipiwa. Ananunua lebo ya nje, na lebo ikimdanganya hana wa kumrudishia.

Mwaka 2005 mchumi wa Kimarekani, Pietra Rivoli, alitoa kitabu kuhusu fulana aliyoinunua Florida. Aliifuata nyuma mpaka mashamba ya pamba ya Texas na viwanda vya Shanghai, kisha akafuata njia ya fulana zilizochakaa mpaka soko la Manzese, Dar es Salaam. Alichokiona ni kwamba pamba inalindwa kwa ruzuku na nguo mpya zinalindwa kwa mikataba na vizuizi, na fulana inakutana na soko huru la kweli inapokuwa mtumba tu. Hoja nzuri, na kwa Manzese huenda ni kweli. Ila Manzese iko karibu na bandari. Uhuru wa soko unapungua kadiri unavyosafiri kuelekea kusini, maana kila kituo kina mtu anayechagua kabla yako.

Fuatilia fulana moja. Mwenye nayo huko Ohio, kama bado nzuri, anaiuza mwenyewe mtandaoni. Asipoiuza anaipeleka duka la hisani, nalo linachagua za kwake. Mabaki yanakwenda kwenye kiwanda cha kuchambulia, ambako wanawake waliosimama kando ya mkanda wanajua kwa kugusa tu kipi cha kutoa. Siku hizi wanatafuta hasa fulana za zamani: za bendi za muziki, za mashindano ya pikipiki, zenye lebo ya Made in USA. Alama mojawapo ni mshono. Fulana nyingi za Kimarekani za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zilikunjwa kwa uzi wa mstari mmoja mkononi na kwenye pindo. Za baadaye zina mistari miwili. Mstari huo mmoja unaweza kuitoa fulana kwenye bei ya kilo na kuiingiza kwenye bei ya mnada wa mtandaoni, dola mia na zaidi. Kisha muuzaji wa jumla wa Dar anapanga madaraja, wauzaji wa Ilala wanachukua la kwanza, Songea wanachukua lao. Fulana inayofika Liuli imepita mikononi mwa watu wengi waliokwisha kuiangalia wakaiacha.

Hata hivyo wachambuaji huchoka. Mara mojamoja fulana ya mstari mmoja hupenya, na kijana wa Mbinga huiuza buku kwa sababu imepauka. Kupauka ndiko anakolipia mnunuzi wa Tokyo. Ningekuwa nauza fulana Mbinga ningeanza kila belo kwa kugeuza pindo.

Wapo waliotaka mlango ufungwe kabisa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vya ndani vipate pumzi. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika mwaka 2017, nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru kupitia AGOA ikatishiwa, na Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ilikaza na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo. Kwa mtu wa Mbinga mjadala huo ulikuwa wa mbali kidogo. Asiyevaa mtumba huku havai ya kiwanda cha Urafiki. Anavaa mpya ya Kichina kutoka Kariakoo, yenye jina la mbunifu wa Kiitaliano lililokosewa herufi.

Na fulana mpya nazo zina siku zake. New York, duka la Supreme, lililofunguliwa 1994, limezoea kuachia mzigo mpya Alhamisi, vijana wakipanga foleni barabarani. Mbinga foleni ya namna hiyo ni ya jezi. Simba ilipozindua jezi zake za msimu wa 2023/24 ilizipeleka mpaka kilele cha Mlima Kilimanjaro. Yanga inayo Wiki ya Mwananchi. Jezi ikishaonekana kwenye simu, feki yake haichukui muda kufika mnadani, na mwenye duka aliyeagiza halisi anabaki kueleza tofauti kwa mteja aliyekwisha kuvaa.

Halafu kuna fulana zisizouzwa: za Mei Mosi, za Mwenge, za harusi na misiba, na za kampeni, ambazo mwaka wa uchaguzi kama 2025 humwagika hadi vijijini. Wachapaji wanazipenda kwa sababu mteja analipia oda nzima kwa mara moja. Wauza mitumba hawazipendi hata kidogo. Mtu aliyepewa fulana ya bure mwezi Septemba hanunui nyingine Oktoba.

Uzee wa fulana nao una bei. Ikichakaa inakwenda shambani, kwenye mashimo ya ngoro, kisha inakuwa dekio, kisha tambara la gereji ya bodaboda. Hapo pamba ndiyo inayotakiwa, kwa kuwa inanyonya oili. Jezi ya polista hainyonyi kitu. Ikichakaa haina mnunuzi wa pili. Kadiri mabelo yanavyojaa polista, ndivyo zile arobaini za mwisho zinavyozidi kuwa takataka tupu.

Kampala kuna aliyeigeuza hesabu hii. Mbunifu Bobby Kolade, kupitia lebo yake ya Buzigahill, ananunua mitumba ya soko la Owino, anaifumua, anaunganisha vipande vya fulana kadhaa kuwa moja, na kuiuza huko huko ilikotoka, kwa matoleo machache yanayotangazwa mtandaoni. Jina la mradi ni Return to Sender, yaani irudi kwa aliyeituma. Sidhani kama Mbinga inaweza kuuza Berlin kesho, lakini kanuni yake haihitaji Berlin. Katika kila belo kuna XXL za Kimarekani ambazo hakuna Mmatengo wala Mnyasa zinayemtosha, na ndizo za bei ya chini kabisa. Moja tu inatoa fulana mbili za mtoto.

Kinachozuia ni mashine. Cherehani nyingi zilizoko barazani Mbinga ni za kukanyaga, zinashona mstari ulionyooka, zinafaa vitenge na sare za shule. Ukishonea fulana, mtoto akivuta shingo uzi unakatika. Inatakiwa ovaloki, ambayo mshono wake unavutika pamoja na kitambaa.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023, ilirudishwa 2024, na maandiko mengi ya vikundi huomba mtaji wa kununulia bidhaa. Vijana wa Mbinga na Nyasa mnaoandika andiko la nguo, msiombe pesa ya belo. Ombeni ya ovaloki, na mmoja wenu aende VETA Songea akajifunze kushona kitambaa kinachovutika. Mabelo yenye XXL yataendelea kuja.