Duka la dawa baridi na daftari la madeni

Kabla famasi zenye vioo na viyoyozi hazijatufikia, kila mji mdogo wa Tanzania ulikuwa na duka lake la dawa baridi, na kila duka lilikuwa na wenyewe. Asubuhi baba hukaa kaunta. Akitoka kwenda msikitini au shambani, mama hushika nafasi. Jioni watoto waliorudi shule huhesabu vidonge kwa ncha ya kisu, wakavitia kwenye vibahasha vya karatasi na kuandika juu yake "2 × 3". Mteja anaelewa: viwili, mara tatu kwa siku.

Rafuni kulikuwa na Aspro na Panadol, klorokwini katika kopo kubwa, dawa ya minyoo, GV ya vidonda, iodini, pamba, bandeji, na mafuta ya samaki ambayo watoto waliyakimbia. Kwa kuwa dawa peke yake hazilipi pango, pembeni ziliuzwa sabuni, nyembe na madaftari ya shule.

Daftari moja halikuuzwa. Lilikaa chini ya kaunta, na ndani yake mliandikwa madeni ya mtaa mzima. Mtoto huugua usiku wowote, lakini mshahara hutoka mwisho wa mwezi na kahawa husubiri msimu. Mwenye duka alilijua hilo, akaandika jina na kutoa dawa. Familia iliishi nyuma ya duka, hivyo hata saa sita za usiku ukibisha hodi ulifunguliwa. Walijua nani ana pumu na nani klorokwini humwasha mwili mzima. Pengine walijua nani ni mjamzito kabla mumewe hajaambiwa.

Kujuana huko kulikuwa na gharama yake. Chini ya Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978, maduka haya yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu. Hata hivyo, antibiotiki zilipatikana kwa mlango wa uani, mara nyingi vidonge viwili vitatu, kadiri ya sarafu za mteja. Nani angemnyima jirani? Wauzaji wengi hawakuwa wafamasia; kazi walirithi kwa wazazi, pamoja na makosa yake. Nusu dozi ilishusha homa, ikavipa vijidudu nafasi ya kujenga usugu.

Dawa zenyewe nazo zilikuwa zikibadilika. Vimelea vya malaria vilikwisha izoea klorokwini, na mwaka 2001 serikali ikaiweka kando ikaleta SP. Kufikia mwisho wa 2006, SP nayo ikaanza kuipisha dawa mseto, ALu. Ushauri wa kurithi kwa baba haukutosha tena.

Mwaka 2003, Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza mkoani Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu. Busara yake ni kwamba haukuyafukuza maduka ya watu: uliwafundisha wauzaji, ukakagua majengo, na ukahalalisha uuzaji wa baadhi ya antibiotiki zilizokuwa zikipita uani. Baadaye mpango ulienea nchini. Familia zilizomudu ukarabati na mtoa dawa mwenye cheti zikavuka. Nyingine zilikuwa na mzee aliyechoka na watoto waliokwisha hamia Dar es Salaam, zikafunga milango.

Anayeyalilia maduka yale asilie kwa ajili ya vibahasha. Dawa ya leo ina maelezo, tarehe ya kuisha muda na mtu aliyesomea kuitoa, na hayo ni maendeleo. Lakini mageuzi yalirekebisha rafu, hayakugusa mfuko wa mteja. Nusu dozi haikuzaliwa na ujinga peke yake. Ilizaliwa pia na uhaba wa pesa, na uhaba huo bado unasimama mbele ya kaunta kila siku. Mzee wa duka aliubeba kwa hasara yake, jina baada ya jina, na baadhi ya madeni hayakulipwa kamwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeahidi kuubeba mzigo huo kitaifa. Ipimwe kwa kipimo kilekile: mwenye mgonjwa na mfuko mtupu, je, anaondoka na dozi kamili?